Saratani ya Matiti: Mazoezi na Nyimbo Humsaidia Mama Aliyetibiwa

Mara nyingi tukizungumzia saratani ya matiti tunahimiza watu wawahi hospitali. Hilo ni jambo la lazima, na hatutaacha kulisema. Lakini leo tunapenda kumzungumzia mama ambaye tayari amekwenda hospitali, akatibiwa, akarudi nyumbani. Majirani wamekuja kumpa pole, ndugu wamemletea unga na kuku, kisha kila mtu amerudi kwenye shughuli zake. Je, baada ya hapo mama huyu aishi vipi? Afanye kazi au akae tu? Mkono wake autumie au aufiche ndani ya kanga?

Mama wa Matogoro aliyeugua saratani ya titi huenda amesafiri mbali sana kutafuta tiba. Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996, ipo Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kwa barabara kutoka Songea. Anarudi akiwa na karatasi ya kliniki, vidonge, na tarehe ya kurudi kuonwa na daktari. Mara nyingi harudi na maelekezo ya kutosha kuhusu namna ya kuutumia mwili wake katika miezi inayofuata. Basi anaanza kuishi kwa kuogopa, na ndugu zake wanamsaidia kuogopa. Katika makala hii tutaeleza kwa nini mazoezi ya viungo yanamfaa, na kwa nini yakifanywa pamoja na nyimbo na ngoma yanamfaa zaidi.

KWA NINI MKONO HUVIMBA?

Tuanze na mkono, kwa sababu ndio unaowatisha wengi. Katika mwili wetu, mbali na damu, yapo maji mengine yanayozunguka yaitwayo limfu. Maji haya hupita katika mishipa midogo na kuchujwa katika tezi ndogo ndogo. Tezi nyingi zinazopokea maji ya mkono na ya titi zipo kwapani. Saratani ya titi ikianza kusambaa, mara nyingi hupitia kwenye tezi hizo. Ndiyo maana daktari anapolitoa titi huziondoa pia baadhi ya tezi za kwapani, na pengine mgonjwa huchomwa mionzi mahali hapo.

Tezi zikipungua, njia ya maji nayo hupungua. Ni kama mfereji wa shambani uliozibwa kwa udongo: maji hayapotei, bali hutuama. Mkono huwa mzito, ngozi hubana, pete haivuliki, na mwisho mkono unaonekana mnene kuliko wa pili. Miongoni mwa akina mama waliotolewa tezi nyingi za kwapani, karibu mmoja kati ya watano hupatwa na uvimbe huu. Unaweza kuja mapema baada ya upasuaji, au ukaja baada ya miaka kadhaa. Hapa kwetu wagonjwa wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, kwa hiyo upasuaji huwa mkubwa na tezi zinazotolewa huwa nyingi. Hatari ya uvimbe nayo inaongezeka.

Sasa yafaa tuelewe jambo moja. Damu inasukumwa na moyo, lakini limfu haina moyo wake. Husaidiwa kusukumwa na misuli inapojikaza na kulegea, na pia na kifua kinapopanuka tunapovuta pumzi ndefu. Msomaji ataona mara moja maana yake: mkono usiotumika kabisa unakosa msaada mkubwa wa kusukuma maji hayo.

PUMZIKO LIKIZIDI HUWA UGONJWA

Kwa miaka mingi waliotibiwa saratani ya titi waliambiwa, hata katika nchi tajiri, wasibebe kitu, wasifue, wasiutumie mkono huo kwa kazi yoyote nzito. Ushauri huo ulitolewa kwa nia njema. Hata leo katika familia zetu mama akishika jembe au ndoo, watoto humnyang'anya wakisema, "Mama, wewe pumzika."

Wiki za kwanza wana haki. Lakini pumziko hilo likiendelea mwaka mzima, bega hukakamaa. Mama hawezi kuinua mkono kusuka nywele za mtoto wake, kuanika nguo kwenye kamba, wala kutwika ndoo kichwani. Misuli hunyauka, uzito wa mwili huongezeka, usingizi unapotea. Uchovu nao, ambao ndio unaolalamikiwa sana na waliotibiwa saratani, hauishi kwa kulala. Huu si uchovu wa kutoka shambani ambao ukilala usiku mmoja unaisha. Mtu analala na kuamka akiwa amechoka vile vile. Jambo la kushangaza ni kwamba uchovu wa namna hii hupunguzwa na mazoezi ya kiasi kuliko kukaa.

Tena kuna hasara isiyoonekana kwa macho. Mama aliyekuwa akiimba kwaya anaacha, kwa sababu anaona aibu kusimama mbele ya watu akiwa na titi moja. Aliyekuwa hodari wa ngoma anabaki ndani sherehe zinapofanyika. Hajafukuzwa na mtu; amejitoa mwenyewe polepole. Saratani imekwisha kutolewa mwilini, lakini bado inamtenga na wenzake.

YALIYOGUNDULIWA NA WATAALAMU

Mwaka 1996 huko Vancouver, Kanada, daktari mmoja wa michezo, Don McKenzie wa Chuo Kikuu cha British Columbia, alifanya jambo ambalo wengi waliliona la hatari. Aliwakusanya akina mama 24 waliokuwa wametibiwa saratani ya titi, akawafundisha kupiga makasia katika mtumbwi mrefu wa asili ya Kichina. Kupiga kasia ni kazi ngumu ya mikono na mabega, tena ya kurudiarudia. Kwa ushauri wa siku zile, mikono yao yote ingevimba. Haikuwa hivyo. Hakuna mama hata mmoja aliyepata uvimbe mpya. Leo vikundi vya akina mama wapiga makasia waliotibiwa saratani ya titi vipo katika nchi nyingi. Tukumbuke pia kwamba katika mitumbwi ya aina hiyo mpiga ngoma hukaa mbele, na wapiga makasia hufuata mdundo wake. Wavuvi wa Ziwa Nyasa hawahitaji kufundishwa kwamba kasia na wimbo huenda pamoja.

Baadaye, huko Philadelphia, Marekani, mtafiti Kathryn Schmitz na wenzake waliwafuatilia akina mama 141 ambao mikono yao ilikuwa imekwisha vimba. Nusu yao walinyanyua vyuma mara mbili kwa wiki, wakianza na uzito mdogo na kuuongeza kidogo kidogo, huku wamevaa soksi maalumu ya kubana mkono. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009. Baada ya mwaka mmoja, uvimbe ulikuwa umezidi ghafla kwa asilimia 14 ya walionyanyua vyuma, na kwa asilimia 29 ya wale wasionyanyua. Mkono uliofanya kazi kwa utaratibu ulipata shida kidogo kuliko ule uliolindwa.

Uchunguzi mwingine, uliotangazwa mwaka 2005, uliwahusu wauguzi 2,987 wa Marekani waliokuwa wameugua saratani ya titi. Wale waliokuwa wakitembea kwa jumla ya saa 3 hadi 5 kwa wiki walikufa kwa ugonjwa huo kwa uchache kuliko waliokuwa wakikaa. Hapa tuwe waangalifu: uchunguzi wa namna hii hauthibitishi kwamba kutembea ndiko kulikowaponya, maana huenda aliye na nguvu zaidi ndiye anayetembea zaidi. Lakini kuhusu uchovu, wasiwasi, huzuni na nguvu za mwili, ushahidi ni imara. Mwaka 2019 jopo la wataalamu kutoka nchi mbalimbali lilitangaza kwamba mazoezi ya dakika 30, mara tatu kwa wiki, yanatosha kuleta nafuu katika mambo hayo.

WIMBO HUFANYA KAZI GANI?

Wengine watauliza: kama mazoezi yanatosha, nyimbo za nini? Zipo sababu nne.

Kwanza, wimbo hupunguza hisia ya uzito wa kazi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Brunel, Uingereza, wakiongozwa na Costas Karageorghis, wamechunguza jambo hili kwa miaka mingi. Wameona kwamba katika kazi ya kiasi, mtu anayesikiliza muziki anaona kazi ni nyepesi kuliko anayefanya kimya, ingawa kazi ni ile ile. Bibi zetu waliotwanga mahindi wawili wawili huku wakiimba walilijua hilo.

Pili, mdundo hupanga mwendo. Mkono unaoogopa hujishtua. Huinuka kidogo ukasimama. Ukifuata ngoma unainuka na kushuka kwa mpango ule ule, bila kurushwa wala kukatizwa.

Tatu, kuimba ni zoezi la pumzi. Anayeimba huvuta hewa nyingi na kuitoa taratibu. Kifua kilichobanwa na kovu hupanuka, na tumeona hapo juu kwamba pumzi ndefu husaidia maji ya limfu kupita.

Nne, wimbo huleta watu pamoja na kutuliza moyo. Mwaka 2021 wataalamu walikusanya majaribio zaidi ya 80 yaliyofanywa kwa wagonjwa wa saratani wa aina mbalimbali. Waliona kwamba muziki unaweza kupunguza wasiwasi, maumivu na uchovu. Na huko Connecticut, Marekani, akina mama waliotibiwa saratani ya titi walicheza kwa muziki kwa wiki 12 chini ya mwalimu. Taarifa yao, iliyotolewa mwaka 2005, ilionyesha kwamba hali yao ya maisha ilikuwa bora zaidi.

NGOMA ZETU NA KWAYA ZETU

Sisi wa Ruvuma hatuna haja ya kuagiza muziki wa mazoezi kutoka mbali. Tunayo lizombe ya Wangoni, na kwa ndugu zetu wa kando ya Ziwa Nyasa zipo mganda na kioda. Kwaya zetu nazo haziimbi zikiwa zimesimama kama nguzo. Zinakwenda mbele na nyuma, zinapiga makofi, zinainua mikono. Hayo yote ni mazoezi.

Lakini ngoma ya sherehe na ngoma ya afya hazilingani. Katika sherehe watu hushindana, hucheza hadi jasho likatiririka, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kukaa. Katika ngoma ya afya mpiga ngoma humfuata mgonjwa, wala si mgonjwa kumfuata mpiga ngoma. Mdundo uwe wa mtu anayetembea, yaani karibu mapigo 100 hadi 120 kwa dakika.

Hapa tunatoa kipimo rahisi kisichohitaji chombo chochote. Mama akicheza huku anaweza kuimba ubeti mzima bila shida, mwendo bado ni mdogo. Akiweza kuongea lakini wimbo unamkatika, hicho ndicho kiasi kinachofaa. Akishindwa hata kuongea, amezidisha, apunguze. Kwa sababu hiyo, kikundi kijigawe: wengine waimbe wakiwa wamekaa, wengine wacheze, kisha wabadilishane.

NAMNA YA KUANZA

Kabla ya yote, mama amwulize daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyemwona. Akiruhusiwa, afuate hatua hizi:

1. Siku za mwanzo baada ya upasuaji: akunje na kukunjua vidole, akunje kiwiko, ainue mabega na kuyashusha taratibu. Asiinue mkono kupita bega mpaka mrija wa kutolea maji ya kidonda utolewe na daktari aseme ndiyo.

2. Kidonda kikipona: asimame akitazama ukuta, apandishe vidole ukutani polepole kama buibui mpaka asikie ngozi inavutika, si mpaka asikie maumivu makali. Kila siku aweke alama ya mkaa pale alipofika. Wiki kwa wiki ataona alama inapanda.

3. Kutembea: aanze kwa dakika 5 au 10 mahali tambarare. Njia za Matogoro zina vilima, na vilima ni mazoezi mazuri, lakini viachwe kwanza. Aongeze dakika chache kila wiki.

4. Kucheza: aanze na wimbo mmoja, apumzike, kisha wimbo wa pili. Miguu ianze, mikono ifuate. Mikono iinuke hadi kiunoni, baadaye kifuani, baadaye juu ya kichwa. Lengo ni kufikia dakika 30, mara tatu kwa wiki. Asiyefika huko asikate tamaa. Kidogo ni bora kuliko kukaa tu.

5. Kutia nguvu mikono: mara mbili kwa wiki, mikono yote miwili. Chupa ya maji ya nusu lita ina uzito wa nusu kilo, ya lita moja ina uzito wa kilo moja. Aanze na ndogo, akunje kiwiko mara 10 kwa kufuata wimbo wa taratibu. Asiongeze uzito mpaka amalize majuma mawili bila mkono kuvimba wala kuuma. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20, asiikimbilie.

6. Mavazi: sidiria isiyobana sana, na upande uliotolewa titi aweke mfuko wa kitambaa laini uliojazwa pamba, ulingane na titi la pili. Licha ya kuondoa aibu, humsaidia asiinamishe bega upande mmoja anapocheza. Aanze kuutumia kovu likishapona.

MAMBO YA KUANGALIA

Kila jioni ya siku ya mazoezi mama aitazame mikono yake miwili. Anaweza kuipima kwa uzi, mahali pale pale kila mara, na kufunga fundo. Mkono ukianza kuwa mzito au mnene, apunguze mazoezi na aende kuonwa mapema, maana uvimbe mchanga hutibika kirahisi kuliko wa siku nyingi.

Alinde ngozi ya mkono huo. Avae glavu au afunge kitambaa anapopalilia au kukata kuni, na kila mchubuko uoshwe kwa maji safi na sabuni. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, na kuna homa, huo ni uambukizo. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Asifanye mazoezi akiwa na homa, kizunguzungu, au upungufu mkubwa wa damu. Aache mara moja akiumwa kifua au kukosa pumzi, kwa sababu baadhi ya dawa za saratani huudhoofisha moyo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma ghafla asiukande. Huenda damu imeganda ndani. Mwenye maumivu ya mgongo au mifupa yasiyoisha asicheze mpaka apimwe, maana saratani huweza kuhamia mifupani. Na yule ambaye dawa zimemwachia ganzi miguuni acheze mahali pasipo mashimo, karibu na kiti cha kushika.

Zaidi ya yote, wimbo na mazoezi si badala ya tiba. Atakayeacha vidonge vyake au kukosa kliniki kwa kuwa anajisikia vizuri akicheza, anajidanganya.

KWA FAMILIA NA JUMUIYA

Mazoezi haya hayahitaji fedha. Yanahitaji watu. Ndugu, wagawieni akina mama waliotibiwa kazi wanazoweza, msiwanyang'anye zote. Baba, mwombe mkeo mtembee pamoja jioni. Mama anayetembea na mumewe haulizwi maswali njiani. Viongozi wa kwaya, mkimwona mwimbaji aliyetibiwa hajarudi, msingojee aje mwenyewe. Mfuateni, mumpe kiti katika safu ya sauti yake, na mumruhusu kukaa wenzake wanaposimama. Vikundi vya WAWATA na jumuiya ndogo ndogo mnaweza kutenga nusu saa ya siku mnayokutana. Ngoma ipigwe, wote wacheze, wagonjwa na wazima pamoja, ili asijulikane ni nani aliyekuja kwa sababu ya titi na nani kwa sababu ya magoti. Tena wazima mnaocheza humo mnajisaidia wenyewe, kwa maana mazoezi hupunguza pia hatari ya kupata saratani hiyo.

Nawe mama uliyetibiwa, hatukuambii kwamba huna haki ya kulia. Lia unapotaka kulia. Lakini mkono wako haukukatwa, na sauti yako haikutolewa pamoja na titi. Wahenga walisema: haba na haba hujaza kibaba. Anza leo na wimbo mmoja. Kesho ongeza ubeti.